Kanzu Nyeupe, Ukumbi wa Giza na Kamera Ndogo Isiyo na Kioo

Kamera yangu ya kwanza iliyostahili kuitwa kamera ni Sony a6000, niliyoinunua mwaka 2017 jijini Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akihamia kamera kubwa zaidi, ikiwa na lenzi yake ndogo ya kuanzia ya milimita 16 hadi 50 na mkanda uliokwisha kuchakaa. Kamera za aina hii hazina kile kioo cha ndani ambacho kwenye kamera za zamani huinuka kila unapopiga. Mwanga unapita kwenye lenzi na kutua moja kwa moja juu ya kihisi, kile kipande kinachonasa picha, na unachokiona kwenye kichungulio, yaani kile kidirisha cha kutilia jicho, ni skrini ndogo inayokuonesha picha itakavyotoka. Kwa kuwa kioo kimeondolewa, mwili wa kamera umekuwa mwembamba na mwepesi: gramu 344 pamoja na betri na kadi, uzito unaoingia kwenye mkoba wa kawaida wa mwanamke bila mtu yeyote kujua kuna kamera ndani. Jambo hilo lilikuwa muhimu kwangu, kwa sababu mimi ni karani wa mahesabu hapa Unguja, na picha ni kazi ya jioni na ya sikukuu, inayoanza pale ninapotoka ofisini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba lenzi yenye thamani ni ile inayovuta vya mbali. Kabla hata sijaijua vizuri ile ndogo iliyokuja na kamera, nilitoa akiba ya miezi minne nikanunua zumu, yaani lenzi ya kuvuta, ya milimita 55 hadi 210 (milimita zikizidi, lenzi huvuta zaidi na kuona eneo finyu zaidi), kwani hakuna kinachompumbaza mpiga picha mgeni kama kumwona kunguru aliye juu ya mnazi amejaa skrini nzima. Siku iliyofuata niliingia nayo Mji Mkongwe. Vipo vichochoro huko ambavyo ukinyoosha mikono yote miwili unagusa nyumba za majirani wawili, na mimi nilitaka kupiga milango. Kihisi cha kamera hii ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, hivyo kila lenzi huona kana kwamba milimita zake zimezidishwa kwa 1.5, ile 55 yangu, hata kabla ya kuvutwa, ilikuwa ikiona kwa ufinyu wa lenzi ya 82. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta wa chokaa, na mlango uliokuwa mbele yangu bado ulionekana vipande vipande: misumari ya shaba, mnyororo, nusu ya nakshi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, huo mlango una watu wanaotaka kutoka." Nikapisha.

Somo la pili lilikuja usiku, na liliniuma zaidi kwa sababu lilihusu watu. Binamu yangu aliolewa, na katika ukumbi wa wanawake peke yao, ambamo simu zilikusanywa mlangoni, mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kuingia na kamera. Maana yake ni kwamba nikikosea, hakuna picha nyingine itakayopatikana kwa mtu yeyote. Lenzi ndogo ya kuanzia, ikivutwa hadi 50, tundu lake la kupitishia mwanga hufunguka hadi f/5.6 tu (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na taa za ukumbi zilikuwa zimepunguzwa ili jukwaa la bi harusi lipendeze. Kamera ilijitahidi kadiri ya uwezo wake: ilishusha kasi ya shata, ile pazia inayofunguka kupokea mwanga, hadi 1/60 ya sekunde, ikapandisha ISO, kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga, hadi 6400, nami nikazitazama picha kwenye skrini ndogo ya nyuma zikinimetea, nikaridhika.

Kesho yake, kwenye kompyuta, niliona nilichokifanya. Lenzi ile ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, nami nilidhani kingeniokoa, lakini kinachotulizwa ni mkono wa mpiga picha, wala hakimfikii mtu anayecheza. Wanawake waliokuwa wakienda kumtunza mwimbaji, mkono juu, noti kwenye vidole, walitoka wakiwa na mikono ya moshi. Kiti cha bi harusi kilionekana hadi uzi wa kitambaa chake, kwa kuwa kiti hakichezi. Shangazi yangu alizipitia picha moja baada ya nyingine akiwa amevaa miwani yake, akafika kwenye moja akasimama. "Mwanangu," aliniuliza, "huyu asiye na uso ni nani?" Alikuwa yeye mwenyewe.

Kabla ya kutoa pesa tena, nilifanya jambo ambalo kazi yangu imenizoesha: nikahesabu. Kila faili la picha hubeba ndani yake maelezo ya milimita, tundu, shata na ISO, na programu ya kupangia picha inaweza kukuchambulia yote hayo. Nilichukua picha za mwaka mzima nilizozibakiza, nikaziandika kwenye daftari kama ninavyoandika stakabadhi. Nyingi zilikuwa za milimita 16, nikakaribia kukimbilia lenzi pana, hadi nilipokumbuka kwamba lenzi yangu huendeshwa na mota na kila kamera inapowashwa huanzia 16. Picha nyingi za hapo zilipigwa kwa uvivu wa kuvuta, na karibu zote nilikuwa nimezikata pembeni baadaye. Nilipozihesabu upya kwa jinsi nilivyozikata, zaidi ya nusu ziliangukia kati ya 25 na 35. Zile za kuanzia 100 na kuendelea, nilizozigharimia miezi minne, zilikuwa chache mno, na nyingine zilikuwa za yule kunguru.

Nilithibitisha kwa njia nyingine pia. Nilikuwa nikipita mara kwa mara kwenye Capital Art Studio, studio ya picha ya Mji Mkongwe, ile iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na nikawa nasimama kuangalia picha za zamani za watu waliopigwa wakiwa wamesimama wima, kuanzia kofia hadi viatu. Nilijiuliza mimi ningesimama wapi ili nimpate mtu namna ile. Lenzi ya milimita 30 kwenye kihisi cha kamera yangu, ukiisimamisha kamera wima na kukaa mita tatu kutoka kwa mtu, huona urefu wa mita 2.3 hivi: mtu mzima anaingia wote na nafasi kidogo inabaki juu na chini. Mita tatu ninazipata katika vyumba vingi vya kwetu. Mita sita ambazo lenzi ndefu ingezidai sizipati, isipokuwa nimtoe mtu uani.

Hivyo nikanunua Sigma ya milimita 30 yenye tundu la f/1.4, isiyo na zumu hata kidogo, kwa shilingi 650,000 iliyotumika kidogo. Watu waliniuliza kwa nini nimenunua lenzi isiyovuta kwa bei inayokaribia ya kamera yenyewe. Jibu liko kwenye hesabu ya tundu, ambayo ningependa kila anayenunua lenzi aifanye kwa mkono wake angalau mara moja. Namba hizi, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, zinaposhuka hatua moja, mwanga unaoingia huongezeka mara mbili. Kutoka f/5.6 hadi f/2 ni hatua tatu, yaani mwanga mara nane. Ukumbi uleule ulionidai ISO 6400 kwa 1/60, nikiwa na f/2 ningeweza kuipandisha shata hadi 1/125 na bado ISO ingeshuka hadi 1600. Hakuna kitufe chochote kwenye kamera kinachoweza kukupa hatua tatu bure namna hiyo.

Lakini lenzi inayofunguka sana ina adabu yake. Mwezi wa kwanza nilipiga kila kitu kwa f/1.4, kama mtoto aliyepewa filimbi. Sikukuu ya Idi niliwapanga baba yangu na ndugu zake wawili kwenye baraza la nyumbani, wamekaa mshazari, nikiwa karibu nao kama mita moja na nusu. Katika umbali huo, kwa f/1.4, unene wa eneo linaloonekana kwa ukali ni sentimita 14 hivi, ambazo hazitoshi hata mabega ya mtu mmoja aliyekaa upande. Baba alitoka vizuri hadi nyuzi za kofia yake ya viua. Ami aliyekuwa nyuma yake alitoka kama anayeonekana kupitia kioo cha bafu. Siku hizi mtu mmoja nampa f/2, wawili f/2.8, na wakizidi hapo naenda f/4 au f/5.6, naongeza ISO bila kinyongo, kwani chembechembe za ISO kwenye picha hazijawahi kulalamikiwa na mtu, ilhali uso uliofifia ninaukumbushwa kila mwaka.

Mchana nao ulikuwa na mashaka yake. Jua la saa sita hapa kwetu, kwa ISO 100, linadai f/16 kwa shata ya 1/125, au f/5.6 kwa 1/1000, ambayo ni mwanga uleule. Ukitaka f/1.4 katika jua hilo utahitaji 1/16000, na shata ya kamera hii haipiti 1/4000. Nilipiga picha kadhaa za ufukweni zikatoka nyeupe tupu, kama karatasi, kabla sijagundua kwamba ile namba ya 1/4000 iliyokuwa ikimweka kwenye kichungulio ilikuwa inaniomba msaada. Kichujio cha giza cha ND8, kinachopunguza hatua tatu, kilimaliza tatizo kwa bei ndogo. Hata hivyo nakitumia mara chache. Kwenye jua kali hivyo, f/5.6 inatosha, na bahari nyuma ya mtu ina haki ya kuonekana.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kanzu nyeupe. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa, hutoa rangi ya kijivu cha wastani. Wapange wanaume watano wenye kanzu nyeupe wakijaa fremu, nayo inaamini kuna mwanga uliozidi, inapunguza, na matokeo yake ni kanzu za rangi ya majivu na nyuso zilizozama gizani. Mpige mtu mweusi aliyesimama mbele ya mlango mweusi wa msaji, nayo inaamini kuna giza, inaongeza, na kanzu inageuka kuwa tundu jeupe lisilo na mshono wala tarizi. Kwa hiyo mtu yuleyule, siku ileile, anaweza kutoka na kosa moja akisimama hapa na kosa la kinyume chake akisogea hatua mbili, na mpiga picha asiyegusa marekebisho ya mwangaza atailaumu lenzi.

Nilianza kuweka kumbukumbu. Kundi la kanzu kwenye kivuli kilicho sawasawa: ninaongeza hatua moja kamili. Mtu mmoja mbele ya mlango wenye giza: ninapunguza theluthi mbili ya hatua. Jua la moja kwa moja begani na uso kwenye kivuli cha kofia: hapo hakuna marekebisho yatakayotosha, ni bora kumwomba mtu ageuke au aingie chini ya upenu. Msaada mkubwa ulikuwa ile mistari ya pundamilia inayoweza kuwashwa kwenye menyu, ambayo hucheza juu ya sehemu zilizofikia weupe wa mwisho. Nimeiweka iamke kwenye 100. Nainua mwangaza taratibu nikitazama mabega ya kanzu; mistari ikianza kutambaa kwenye mshono wa bega nasimama, na ikishuka kifuani narudi nyuma. Nikipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipunguza, uso uliobaki na giza kidogo ninaweza kuufungua baadaye kwenye kompyuta na rangi ya ngozi ikarudi, lakini tarizi iliyokwisha kuungua hairudi, kwa sababu haikuandikwa kwenye faili. Ndiyo maana ninapima kwa kanzu kwanza, kisha ndipo nausikiliza uso.

Hapo ndipo nilipoanza kuvitazama vitufe kwa uzito. Kamera ndogo ina nafasi ndogo ya vitufe, na menyu yake, ambayo haina Kiswahili, ni ndefu kama foleni ya bandarini. Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nikiishusha kamera machoni kila nilipotaka kubadilisha kitu, nikitafuta kwenye menyu wakati bibi aliyenitabasamia amekwisha kuacha kutabasamu. Nilichokifanya hatimaye ni kujiuliza ni mambo gani nabadilisha nikiwa jicho liko kwenye kichungulio, nikayaweka hayo tu mahali ambapo kidole kinafika bila kuongozwa. Tundu likawa kwenye gurudumu la juu, chini ya kidole gumba. Kitufe cha C1 kilicho karibu na kitufe cha shata nilikipa kazi ya kuhamisha kisanduku cha fokasi, yaani mahali kamera inapolenga ukali, na kitufe cha katikati cha gurudumu la nyuma nikakipa fokasi ya jicho, ile inayolenga jicho la anayepigwa, ambayo kwenye kamera hii haijiwashi yenyewe, lazima uishikilie kwa kidole. Fokasi niliitenga kabisa na kitufe cha shata nikaihamishia kwenye kitufe cha gumba: nalenga mara moja, naachia, kisha napiga picha tatu nne bila kamera kuanza kutafuta upya na kumnasa mtu anayepita nyuma.

Marekebisho ya mwangaza niliyaweka kwenye gurudumu la nyuma, nikajipongeza, na hilo likanitia aibu. Gurudumu lile ni laini na linazunguka kwa kuguswa tu. Kamera ikiwa imening'inia shingoni ilisuguana na buibui langu njia nzima hadi Maisara, na asubuhi nzima ya Idi nilipiga picha zilizopungua hatua mbili. Unaweza kuuliza kwa nini sikuona, ikiwa kichungulio kinaonesha picha itakavyotoka. Nilikuwa juani, jicho limezoea mwanga mkali, na kila kitu ndani ya kichungulio kilionekana na giza hata kama kingekuwa sawa. Sasa kuna mpangilio wa kufunga magurudumu kwa kushikilia kitufe cha Fn, nao ninautumia ninapotembea. Tena kila ninapowasha kamera macho yangu yanakwenda kwanza kwenye ile alama ya kuongeza na kupunguza, kama dereva anavyotazama mafuta.

Ile 1/60 ya ukumbini nayo niliipatia maelezo. Kamera hii, ukiiachia ISO ijichagulie yenyewe huku wewe ukichagua tundu tu, hushikilia 1/60 kama sakafu yake kwa lenzi za kawaida, na hakuna mahali kwenye menyu pa kuiambia isishuke chini ya 1/125. Kamera zilizokuja baadaye zina mpangilio huo. Kwa hiyo kwenye sherehe naweka gurudumu la pili la juu, lile la kuchagulia namna ya kupiga, kwenye M, nachagua mwenyewe f/2 na 1/200, ISO naiacha huru na kuiwekea kikomo cha 3200. Mikono yenye noti ikaacha kuwa moshi.

Lakini 1/200 hiyo niliyojivunia iliniponza katika ukumbi mwingine wenye taa za LED za bei rahisi: picha zilitoka na mikanda ya kivuli iliyolala kutoka upande hadi upande, kana kwamba mtu ameweka pazia la mianzi mbele ya lenzi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zisizo na kidhibiti kizuri huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata inapokuwa ya kasi, sehemu moja ya kihisi hupokea mwanga wakati taa imewaka na nyingine wakati imefifia. Kwa 1/100, kila sehemu hupata mzunguko mzima wa taa na mikanda hupotea; kwa 1/50 vilevile. Basi siku hizi, nikiingia ukumbini, picha ya kwanza ninaupigia ukuta mweupe. Mikanda ikionekana, nashuka 1/100 na kusubiri ile nukta ambayo mchezaji anafika mwisho wa mzunguko wake na kusita, ambayo katika taarabu haikosekani.

Lenzi ninayoipenda kuliko zote hainitoshi kwa kazi, na sikuinunua. Ami yangu alisoma Umoja wa Kisovieti miaka ya sabini, akarudi na kamera ya Zenit yenye lenzi ya Helios 44-2, milimita 58, f/2. Kamera ilikufa zamani. Lenzi ilibaki kwenye sanduku la nguo, na nilipoipata kulikuwa na kuvu ndani yake iliyojitandaza kama utando wa buibui. Fundi wa saa aliifungua na kuisafisha, akaniachia alama ndogo moja ukingoni ambayo haionekani kwenye picha. Lenzi za skrubu za namna hiyo zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, ili kioo kipate nafasi ya kuinuka. Kwenye kamera yangu umbali huo ni milimita 18 tu, kwa hiyo kipande cha bomba chenye milimita 27 na ushei kinatosha kuziunganisha, bila lenzi nyingine yoyote ndani yake. Nilipoiwasha mara ya kwanza kamera ilikataa kupiga, ikidai haina lenzi. Kumbe kwenye menyu kuna sehemu ya kuiruhusu ifyatue hata ikidhani iko uchi.

Helios haina fokasi ya mota wala haiambii kamera chochote. Tundu lake lina pete mbili, moja ya kuchagulia namba na nyingine ya kufungua na kufunga, na fokasi unaizungusha mwenyewe huku kamera ikikupakia rangi nyekundu kwenye kingo zilizo kali. Ndiyo iliyonifundisha kutazama tundu linavyofunga, kwa sababu ukichungulia kwa mbele unaziona pande zake nane zikisogeleana. Nilimpiga ami nayo karibu na dirisha. Aliishika lenzi baadaye, akaizungusha pete mara mbili tatu kwa vidole vilivyokumbuka, akanirudishia bila neno.

Ile zumu ndefu sikuiuza, na nafurahi. Mwezi Julai, kwenye Mwaka Kogwa wa Makunduchi, wanaume wanapochapana kwa mabua ya migomba, hakuna busara ya kusimama mita tatu. Hapo milimita 210, ambazo kwenye kihisi hiki zinaona kama 315, zilifanya kazi yake: jua tele, shata 1/1000, f/6.3 bila shida, vumbi na maganda ya migomba yakiruka mbele ya watu wenye kanda za nguo vichwani. Siku hiyohiyo nilikosea kubadilisha lenzi katikati ya uwanja. Kamera isiyo na kioo, ukiitoa lenzi, kihisi chake kinabaki wazi mlangoni, na vumbi la Makunduchi liliingia bila kubisha hodi. Kwa f/2 usingeona kitu, ila nilipopiga anga ya Kizimkazi siku iliyofuata kwa f/11, madoa yalijipanga kama nzi kwenye shuka. Tangu siku hiyo nazima kamera, naupa upepo mgongo, naielekeza chini, na lenzi ya pili inakuwa tayari mkononi kabla ya ile ya kwanza kutoka. Nyumbani lenzi zote zinalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana na vipakiti vya kukausha unyevu, kwa kuwa kuvu ya ami ilinionya mapema.

Siku hizi kamera inaazimwa na mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha tano. Wiki mbili zilizopita niliichukua kwenda kumpiga jirani aliyejifungua, nikabonyeza C1 kuhamisha fokasi, nikashangaa kuona ISO inapanda. Kitufe cha katikati kilikuwa kimya. Nilipomuuliza alinijibu bila wasiwasi, "Khalati, mimi natumia jicho la kushoto." Nikamwambia anioneshe. Kichungulio cha kamera hii kiko kwenye pembe ya kushoto kabisa. Mimi nikiweka jicho la kulia, pua yangu inapita nje ya kamera na gumba langu lina uwanja mzima wa kuchezea. Yeye akiweka la kushoto, pua na shavu lake vinalala juu ya skrini, na kila akitaka kugusa gurudumu la nyuma anajichoma shavuni kwa kidole. Kwa hiyo amehamishia juu kila anachoweza, na gurudumu la nyuma amelifunga moja kwa moja.

Kumbukumbu za mpangilio zilizo kwenye gurudumu la kuchagulia namna ya kupiga hazihifadhi kazi za vitufe, hivyo hatukuweza kugawana nafasi moja yangu na nyingine yake. Tumebandika kipande cha karatasi ndani ya mfuniko wa mkoba, upande mmoja vitufe vyangu na upande wa pili vyake, na anayerudisha kamera ndiye anayevirudisha. Jana ilirudi ikiwa sawa, isipokuwa betri zote tatu zilikuwa zimekwisha chaji.